Uzi: Mtaa umepata barabara, umepoteza genge. Sisi wanunuzi wa fungu twende wapi?

#1 Binti_Ngambo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba hili tulizungumze kwa utulivu, maana limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita na kila nikibandika chungu linanirudia.

Mie nimezaliwa Kwaalinatoo, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar. Kwetu mama alikuwa akishaweka sufuria jikoni ndipo anapotutuma tungule, yaani nyanya, na tukirudi mafuta hayajapata moto. Genge lilikuwa nyumba ya tatu. Mchele, sukari na mafuta ya taa tulichukua dirishani kwa jirani. Saa nne muuza samaki anapita na baiskeli yake, tenga nyuma, honi mkononi, na kila nyumba inaijua honi ya mchuuzi wake. Jioni mkate wa boflo. Sokoni tulikwenda siku ya shughuli au mkesha wa sikukuu.

Nilipoolewa nikahamia Kinuni, huku Magharibi nje ya mji. Hapa tulikuwa na genge la bibi mmoja chini ya mwembe, na maduka mawili ya madirisha. Sasa barabara imepanuliwa, mtaro umechimbwa, mwembe umekatwa. Barabara ni nzuri na naishukuru, mgonjwa sasa anatoka usiku bila ya kubebwa. Lakini bibi aliambiwa asogee. Akasogea. Akaja mtu mwengine akamwambia hapo nako ni hifadhi ya barabara. Akasema basi, nitafungua dirisha nyumbani kwangu. Akaambiwa alete mchoro, na mchoro uoneshe pahala pa kuegesha gari za wateja.

Wateja wake ni sie! Tunakuja na ndara, mtoto mkononi, mia tano kwenye pindo la kanga. Katika miaka yangu hapa sijapata kuona gari imesimama kwa bibi kununua mchicha.

Sasa tunakwenda soko la Mwanakwerekwe. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo tungule na mchicha wa siku hiyo. Kwa hiyo tunanunua vya siku tatu, na mwenye friji awe na pesa za kutia TUKUZA, umeme wa kulipia kabla. Asiyekuwa nayo, siku ya pili mchicha umesinyaa, siku ya tatu watoto wanakula wali na mchuzi wa maji. Jirani yangu ana watoto watano, mumewe kibarua, analipwa jioni. Jioni hiyo daladala zimejaa na soko linafungwa. Akila leo, kala alichopata dukani: biskuti, chai na mkate.

Na kuna jambo ambalo watu wa mipango sijui kama wanaliona. Kwa bibi palikuwa na daftari. Mwisho wa mwezi unalipa, ukipungukiwa anakusubiri, ukifiwa hakudai mpaka uishe eda. Sokoni hakuna daftari, hawanijui.

Nauliza kwa dhati: kanuni hizi zinapotungwa, anayetungiwa ni nani? Anayenunua kwa gunia na kupakia kwenye buti, au sisi wa fungu na kibaba?


#2 Hamali_wa_Darajani

Wa alaykumu ssalaam dada. Miye nasukuma rikwama, mkokoteni wa mizigo, mboga naziona tangu zinashuka bandari ya Malindi hapa mjini. Tungule na mbatata nyingi zinatoka bara, zinavuka na boti na majahazi. Zikishuka bandarini kuna hamali, zikifika soko la Darajani hamali tena, zikienda Mwanakwerekwe gari, kutoka huko bodaboda mpaka gengeni. Kila zinapoteremshwa kuna mkono unalipwa na kuna tungule zinapasuka.

Watu wanadhani genge likiondoka bei inashuka kwa kuwa mtu mmoja katoka njiani. Si hivyo. Bibi kama huyo alikuwa akichukua tenga zima. Tenga zima lina bei yake. Akikosa pa kuuzia, wale wanawake wa mtaani kila mmoja anakuja kununua kilo moja moja kwa bei ya rejareja ya sokoni na nauli juu. Mtaa mzima unalipa nauli mara arubaini kwa mzigo ambao bodaboda moja ingeuleta.


#3 Mchoraji_Ramani

Dada Binti, mie kazi yangu kuchora nyumba na maduka, hiyo kauli ya "onesha maegesho" naijua. Wacha niiweke kwa hesabu, maana wengi tunalalamika bila ya kupima.

Gari moja ikisimama inataka mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Ukiongeza njia ya kuingilia na ya kugeukia, kila gari inakula kama mita za mraba 25 hadi 30. Meza ya genge ni mita 2 kwa 2, na ukiwapa wateja pa kusimama, chukua mita za mraba 6. Kwa hiyo pahala pa gari moja panaingia magenge manne na watu wake.

Sasa chukua duka la kawaida la chakula la mita za mraba 200. Kipimo kilichoenea sana Marekani, ambacho wengi tuliosomea fani hii tumekikuta vitabuni, ni gari moja kwa kila futi za mraba 250, kama mita 23. Duka hilo litatakiwa liwe na nafasi 9. Mara 25, ni mita 225. Maegesho makubwa kuliko duka! Na kiwanja chetu cha mita 15 kwa 20 ni mita 300 tu, ilhali duka na maegesho yake ni 425. Maana yake duka la chakula halijengeki kwenye kiwanja cha mtu wa kawaida. Litajengeka pembezoni kwenye eneo kubwa, na mwenye eneo kubwa si muuza mchicha.

Hakuna aliyekaa akaandika "masikini wasiuziwe mboga karibu". Lakini ukiandika kipimo cha gari, matokeo yake ni hayo hayo.


#4 Afya_Mtaani

Nitasema ambalo huenda lisiwapendeze, mnisamehe. Nimefanya kazi ya afya ya jamii miaka mingi.

Kanuni za magenge hazikuja bure. Mnakumbuka kipindupindu cha 2015 na 2016? Uuzaji wa vyakula mitaani ulipigwa marufuku, na watu walilia, lakini sisi tuliokuwa tukihangaika na wagonjwa tulikuwa tunajua kwa nini. Nimeona mchicha ukioshwa kwa maji ya mtaro. Nimeona samaki wamepangwa juu ya gunia, jua la saa saba, nzi wamejaa, na mtaro wa maji machafu chini yake. Mtu akiniambia acheni wauze popote wanavyotaka, sikubali, na sitokubali.

Ninachotaka mimi ni kidogo na kinajulikana: meza iliyoinuka, kivuli, maji safi ya bomba au ndoo yenye koki, pipa la taka linaloondoshwa kila siku, na choo karibu. Na mitaro isizibwe, maana masika ikija nyumba zinazoingia maji ni za hao hao masikini. Bibi wa mwembe kama alikuwa juu ya mtaro, kuhamishwa kwake kulikuwa na sababu.

Ila kwenye la maegesho nakubaliana na wewe bibie. Katika miaka yangu yote sijapata kuona ugonjwa uliozuilika kwa nafasi ya gari.


#5 Muuza_Mbatata

Naona uzi unaelekea kulisema vibaya soko kubwa, nami sitaki tukafika huko. Mie naleta mbatata na vitunguu kwa jumla. Zamani pale Mwanakwerekwe masika ikija tunauza tumesimama kwenye maji, gunia la chini linaoza, hasara yako. Haya masoko mapya, Mwanakwerekwe, Jumbi, Chuini, yametupa paa, sakafu, pa kuteremshia mizigo, vyoo. Gari ya tani kumi haiingii kichochoroni kwenu. Lazima pawe na pahala pakubwa, na pahala pakubwa lazima pawe na maegesho. Kusema kweli ni kusema kweli.


#6 Binti_Ngambo

Kaka Muuza_Mbatata, Mungu akubariki, na nimefurahi umelisema. Mie sisemi soko kubwa baya. Ninachosema ni kuwa soko kubwa ni la kwako wewe na bibi. Wewe unamuuzia bibi, bibi ananiuzia mie. Soko linalisha genge, genge linalisha mtaa. Tatizo ni pale mtu anapohesabu soko kubwa akasema "wilaya hii ishapata huduma ya chakula", kisha akaja kumuondoa bibi kwa kuwa soko lipo. Ni sawa na kujenga tangi kubwa la maji ukakata mabomba ya majumbani, ukasema maji yapo.

Na dada Afya_Mtaani, ahsante. Bibi kweli alikuwa karibu na mtaro, nisifiche. Lakini alipotaka kufungua dirisha ukutani kwake, mbali na mtaro, na bomba analo, ndipo alipoulizwa gari. Hapo ndipo ninapoumia.


#7 Mtu_wa_Wete

Huku kwetu Pemba mambo hayajafika huko, lakini yanakuja. Mtu wa shamba analeta ndizi, majimbi na muhogo wake asubuhi, anatandika pembeni mwa njia, saa tano keshauza karudi kwake. Njia zinatengenezwa, na ni kheri, lakini wapimaji wanapokuja hakuna anayeuliza hawa watandike wapi. Endeleeni, tunajifunza kabla hatujafikwa.


#8 Mzee_wa_Kikwajuni

Wanangu, mmenikumbusha mbali.

Soko la Darajani jengo lake ni la 1904, wakati huo palikuwa na mkono wa bahari ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja ndilo lililotoa jina. Watu wa Ng'ambo walikuwa wakivuka. Lakini hawakuvuka kila siku kwa ajili ya kibaba cha unga. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa ikijua hilo: barza mbele, chumba cha mbele dirisha lake linatazama njia, kikitakiwa kinakuwa duka, mtu anauza huku anasikiliza mtoto uwani. Hapakuwa na mtaa wa kukaa watu na mtaa wa kuuza.

Kisha zikaja ramani za kuupanga mji. Mwaka 1923 ya Lanchester, 1958 ya Kendall, 1968 ya Wajerumani Mashariki, 1982 ya Wachina. Na sheria ya mipango miji ya 1955, ya wakati wa Muingereza, iliendelea kutumika kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi. Mie nimeona fleti za Kikwajuni zikijengwa, nikaona na Michenzani. Watu wengi walipata nyumba imara, maji na umeme, na aliyekuwa akikaa kwenye nyumba ya udongo inayovuja hawezi kuyabeza hayo. Lakini ukienda Michenzani utaona watu wenyewe walivyofanya baadae: chini ya yale majumba marefu, kwenye nafasi zilizobaki, magenge, chipsi, urojo, kahawa. Ramani haikuwawekea, wakajiwekea. Mtu akishuka ngazi kutoka ghorofa ya tano anataka ndimu, hatopanda gari kwa ajili ya ndimu.

Maduka ya madirisha yalizidi mlango wa biashara ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar. Kabla ya hapo tulijua foleni. Anayeijua foleni ya mchele hawezi kudharau duka la jirani.

Huko kwenu Magharibi kisa ni chengine. Baada ya Mapinduzi watu waligaiwa eka tatu tatu, za kulima. Mji ulipofurika, eka zikakatwa viwanja. Huyu kakata akamuuzia yule, yule kagawa kwa wanawe. Kila mmoja alikata kipande cha nyumba. Hakuna aliyekata kipande cha soko, wala cha skuli, wala cha kuzikia. Kwa hiyo mwembe wa huyo bibi ndio uliokuwa soko lenu, ingawa hakuna ramani iliyoliandika.


#9 Mchoraji_Ramani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la eka tatu ndilo lenyewe, na takwimu za sensa zinaonesha uzito wake. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 wakawa 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na Mjini penyewe hapana nafasi, wengi wameingia Magharibi A na B. Fikiria laki tatu ya watu wanaokula kila siku, na nyumba zao zimetangulia, mipango inafuata nyuma.

Ukija na kanuni kwenye mji uliokwisha kujengeka, huna ardhi tupu ya kuipanga. Unachoweza kukifanya ni kukubali au kukataa kilichopo. Ndiyo maana kila sharti unaloongeza linamuangukia mdogo, kwa sababu mkubwa atanunua kiwanja cha pili akatimiza.


#10 Mzanzibari_Buffalo

Salaam kutoka Buffalo, jimbo la New York. Nina miaka kadhaa huku, na nimeshtuka kuona suala la maegesho limefika Kinuni, maana huku ndiko lilikozaliwa na huku ndiko wanakohangaika kulitoa.

Huku kuna mitaa ambayo hamna duka la chakula kibichi. Wanaiita majangwa ya chakula. Kipimo kilichozoeleka cha serikali yao ni kuwa mtu wa mjini akiwa zaidi ya maili moja, kama kilomita 1.6, kutoka supamaketi, na mtaa ni wa kipato cha chini, basi uko jangwani. Sababu ni nyingi: ubaguzi wa rangi katika kukopesha na kujenga, watu wenye pesa kuhamia nje ya mji na maduka kuwafuata, na kanuni za ujenzi zilizotenga nyumba na maduka na kudai maegesho mengi. Duka dogo la kona, ambalo babu zao walikuwa nalo kama sisi, likawa haliruhusiwi tena kujengwa pahala pengi.

Mwaka 2017 Buffalo iliondoa sharti la kiwango cha chini cha maegesho mji mzima, ikawa miongoni mwa miji mikubwa ya mwanzo Marekani kufanya hivyo. Minneapolis ikafuata 2021. New York City tangu 2009 ina mpango unaoitwa FRESH: anayejenga duka la chakula kwenye mitaa yenye upungufu anapunguziwa sharti la maegesho na anaruhusiwa kuongeza ukubwa wa jengo. Yaani wao wenyewe wamekiri kuwa kanuni ilikuwa inazuia chakula.

Naomba niseme na jambo zito. Upande wa mashariki wa mji huu, wanakokaa Wamarekani weusi wengi, watu walipigania miaka mingi wapate supamaketi. Wakaipata 2003, Tops ya Jefferson Avenue. Tarehe 14 Mei 2022 mbaguzi mmoja akaingia na bunduki akaua watu 10, alikuja pale kwa kujua kuwa ndipo wanapokusanyika watu weusi. Duka likafungwa mpaka Julai. Katika msiba ule, wazee walikuwa hawana pa kununua chakula kwa miguu, watu wakawa wanagawa vyakula barabarani na kuwabeba kwa mabasi kwenda mitaa mingine. Mtaa mzima ulikuwa umeachwa na mlango mmoja. Ndiyo maana nawaambia msikubali kuachiwa mlango mmoja.


#11 Afya_Mtaani

Inna lillahi. Hilo nililisikia kama khabari ya mauaji, sikujua upande wa chakula.

Lakini nikuulize kaka, wakishaletewa supamaketi, wanakula vizuri?


#12 Mzanzibari_Buffalo

Swali zuri dada, na jibu si jepesi. Uchunguzi mkubwa wa wachumi uliotoka 2019 ulionesha kuwa supamaketi mpya ikifunguliwa kwenye mtaa masikini, watu wanahamia kununua hapo, lakini wanachokinunua hakibadiliki sana. Upatikanaji wa vyakula na bei zake vilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti ya lishe baina ya tajiri na masikini, kama asilimia 10. Kilichobaki ni kile watu wenyewe wanachokitaka kununua, na hapo elimu ina mchango wake.


#13 Binti_Ngambo

Kaka wa Buffalo, nimelisoma hilo mara mbili. Na nadhani kwetu linatofautiana kidogo. Hao waliletewa kitu ambacho hawakukizoea. Sie mazoea tunayo: mchicha, matembele, kisamvu, dagaa, nazi, muhogo, samaki kila anapopatikana. Mama zetu wanajua kupika, na mtoto wa Kizanzibari hujifunza ladha ya mchuzi wa nazi kabla ya ladha ya soda. Sisi hatuhitaji kufundishwa kula mboga. Tunanyang'anywa mazoea mazuri tuliyokuwa nayo, tukishayasahau ndipo waje na kampeni ya lishe.

Jirani yangu niliyemtaja hakuanza kuwapa watoto biskuti kwa kupenda. Nilimuona alivyoanza. Ilikuwa wiki ya pili baada ya bibi kuondoka.


#14 Muuza_Mbatata

Dada umenigusa. Nitaongeza la upande wangu. Kizimba cha soko jipya kina kodi yake, kila mwezi, uuze usiuze. Mimi wa jumla naimudu. Muuza mchicha ambaye mtaji wake ni elfu ishirini hawezi, na hata akiweza itabidi auze kuanzia alfajiri mpaka magharibi, nyumba na watoto amuachie nani? Bibi wa dirishani anauza huku anapika. Sikuwa nimelifikiria hilo kabla ya uzi huu, nakiri.

Pia tuwe wakweli: sisi wa jumla biashara yetu imepungua kwa magenge kupungua. Wateja wangu wa asubuhi walikuwa wanawake wa magenge. Wakiondoka wao, mzigo unakaa na mbatata zinachipua.


#15 Mchoraji_Ramani

Niseme juu ya Singapuri, maana watu hupenda kuitaja kama mji uliofuta wachuuzi. Haikuwafuta. Shirika lao la nyumba lilianza 1960, wakajenga majumba marefu kwa maelfu. Wachuuzi wa barabarani wakawahamisha kidogo kidogo kuwaingiza kwenye masoko na vibanda vilivyojengwa, kazi iliyokamilika 1986. Lakini vile vibanda na soko la mboga na samaki viliwekwa chini ya majumba au hatua chache tu, na maji, na mifereji, na kodi ya chini kwa wale waliohamishwa. Walitii sharti la dada Afya_Mtaani bila ya kumpeleka muuzaji mbali na mlaji. Ni bandari na kisiwa kama sisi.

Kwetu ningependa kuona kanuni inayopima hatua za mtu badala ya magari. Kila nyumba iwe na pa kununulia chakula kibichi ndani ya mita 400 hivi, dakika tano au sita kwa mwanamke mwenye mtoto. Duka au genge lililo chini ya ukubwa fulani lisidaiwe maegesho kabisa, lidaiwe maji, kivuli na usafi. Barabara ikipanuliwa, gharama za kujenga vibanda vya waliokuwepo ziingie kwenye gharama za barabara, kama mtaro unavyoingia. Na nyumba mpya za fleti zinapochorwa, ghorofa ya chini iachwe na madirisha ya kuuzia, si kuta tupu na gari.

Haya si makubwa. Nyumba ya mzee wa Kikwajuni inayo yote hayo.


#16 Hamali_wa_Darajani

Na njia ya rikwama na baiskeli mwanangu, usiisahau kwenye mchoro. Mkiweka ukingo mrefu wa mawe kila pahala, muuza samaki atapita wapi.


#17 Mchoraji_Ramani

Kweli, hilo nilikuwa sikuliweka. Naliweka.


#18 Mzee_wa_Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Nami nakuombeni msiishie kwenye uzi. Mtu akienda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na malalamiko anaambiwa "tutalifikisha". Akienda na mchoro na vipimo, yule mtu analazimika kukiweka mezani kitu kinachoonekana. Ng'ambo ilipopangwa, wengi wetu hatukuulizwa, na wengi hatukujua kuwa tunaweza kuuliza.


#19 Mtu_wa_Wete

Mchoro wenyewe nani atauchora bila ya pesa? Ndipo masikini anapokwama kila siku.


#20 Mchoraji_Ramani

Wa bibi nauchora mie, bure, na nitautia saini. Dada Binti, nahitaji vipimo: upana wa mbele ya nyumba, dirisha lilipo, kutoka ukutani mpaka ukingo wa mtaro, na bomba lipo upande gani. Dada Afya_Mtaani akinisaidia kuandika masharti ya usafi pembeni mwa mchoro, utakuwa na nguvu zaidi.


#21 Afya_Mtaani

Nipo. Naandika meza ya urefu wa futi tatu kutoka chini, ndoo ya maji yenye koki na sabuni, pipa lenye kifuniko, samaki wasiwekwe pamoja na mboga, na maji ya kuoshea yasimwagwe kwenye mtaro wa mvua. Bibi aweze kuyatimiza yote siku ya kwanza, nisimuwekee sharti la kumuangusha.


#22 Binti_Ngambo

Nimetoka kwa bibi sasa hivi baada ya alasiri. Tumepima kwa kamba ya katani kisha tukaipima kamba kwa futi ya fundi wa mlango wa pili. Mbele ya nyumba futi 22. Dirisha futi 4, liko futi 6 kutoka kona ya kulia ukiitazama nyumba. Kutoka ukutani mpaka ukingo wa mtaro futi 9. Bomba liko kona ya kulia, linatoa maji asubuhi na usiku. Upande wa kushoto pana mlango na barza ya saruji, haiguswi, wanakaa wazee wa jirani baada ya magharibi.

Bibi anauliza kama anaweza kuweka na kamba ya kuning'iniza vitunguu.


#23 Mchoraji_Ramani

Futi 9 ni kama mita 2.7. Gari haiingii hata ikitakiwa, lakini meza inakaa na watu watatu wanasimama kwenye kivuli bila ya kukanyaga mtaro. Nitaweka bati la kivuli litokeze futi 6. Kamba ya vitunguu iwekwe upande wa dirisha, juu ya kichwa cha mtu.

Mchoro nauleta Jumanne asubuhi. Nitaweka nakala tatu, moja ya sheha, moja ya kuombea kibali, moja abaki nayo bibi.